Filamu ya Poor Things: nimeiangalia mara mbili na bado iko kichwani

Mara ya kwanza niliiangalia kwenye kibanda cha video hapa Busia, imetafsiriwa Kiganda, na kila Bella, yule mwanamke mwenye akili ya mtoto mchanga, akifungua mdomo VJ, yaani mtafsiri wa kibandani, anamwita mulalu, kichaa, watu wanacheka mpaka wanapiga mabenchi. Niliumia kwa sababu mimi nilikuwa naona kitu kingine kabisa, basi nikaenda duka la muvi wakaniwekea ile yenyewe kwenye flashi, usiku watoto wamelala nikavaa hedifoni nikaanza upya, saa 2 na dakika 21 sikuinuka.

Jamani Emma Stone ameigiza huyo Bella! Mwili ni wa mtu mzima lakini anatembea kama mtoto aliyeanza kusimama juzi, magoti hayakunji, sahani anaangusha makusudi, maneno mawili matatu tu, halafu polepole mwili unanyooka lugha inakuja. Oscar ya 2024 ilikuwa haki yake. Kule kwa daktari anayemuita God hatolewi nje hivi hivi, na picha karibu yote ni nyeusi na nyeupe, ila akifika tu Lisbon, Ureno, rangi zinamwagika, mbingu ya njano, anazunguka peke yake, anakula vile vikeki vya mayai mpaka anatapika, anasimama kumsikiliza mwanamke anayeimba na gitaa.

Lakini kipande kilichonishika ni cha melini. Bella anasoma, Duncan, yule mwanaume aliyetoroka naye, ananyang'anya kitabu anatupa baharini, na bibi mmoja Martha anamkabidhi kingine palepale. Nilirudisha mara tatu. Mimi nilitolewa shule senior two, yaani kidato cha pili, ili ada imtoshe kaka yangu, madaftari yangu yakaishia kufungia chapati za jirani, nayaona hivi hivi, mwandiko wangu umelowa mafuta, na hakuna Martha aliyetokea.

Paris imezidi kwa kweli, ile nyumba ya malaya Bella anapofanya kazi wameikalia sana na vitanda ni vingi kuliko hadithi inavyohitaji, wangempa Bella nafasi zaidi darasani kwenye udaktari. Hii si ya watoto, wala usiwashe mkiwa na wakwe.

Flashi sasa iko kwa dada yangu. Nimemwambia akifika melini anipigie.