Kliya ya hadina kwenye ndege yangu ya faibaglasi: miezi minane baadaye

Ndege hii moja, ndogo ya kurushwa kwa redio, nimeipaka kliya mara tatu: kliya ni ile rangi angavu ya juu inayong'arisha na kulinda, na hadina ni dawa inayochanganywa nayo ili igande ngumu. Mara ya kwanza kwa kopo la kupuliza, mara ya pili kwa mkono wa fundi wa magari, mara ya tatu kwa mkono wangu mwenyewe nikitumia kliya ileile ya fundi. Naandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta ushauri kwa Kiswahili sikuupata, na najua wako wenzangu Nakuru, Eldoret na Kisumu wenye bodi za faibaglasi zinazoharibikia darini.

Ndege yenyewe ni glaida, yaani ndege ya kuelea kwa upepo, ya kuongozwa kwa redio, mabawa mita 2.4 kutoka ncha hadi ncha. Mabawa ni ya mbao za balsa yaliyovikwa filamu; bodi pamoja na pezi la mkia ni faibaglasi na epoksi, gundi ngumu inayoshikanisha nyuzi za glasi. Niliinunua ikiwa imeshatumika. Bodi ilikuwa imegeuka njano kama kurasa za kitabu cha zamani, na sehemu za juu ukipitisha kidole kilitoka na unga. Epoksi ndivyo ilivyo: ikikaa juani bila kinga huungua polepole, kisha nyuzi za glasi huanza kuchungulia na kuwasha mikono. Nakuru iko karibu kabisa na ikweta, na mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Jua la hapa halichezewi. Kwa hiyo rangi kwangu haikuwa pambo, ilikuwa koti la kuilinda bodi.

Kopo la kupuliza nililinunua kwa sababu ni rahisi. Ukilitikisa, unapuliza, umemaliza. Siku ya kwanza liling'aa vizuri. Lakini kliya ile haina hadina. Hukauka kwa thina kupaa tu, haifungamani. Baada ya wiki chache za kurusha, kila mahali nilipoishika bodi kwa mkono wenye jasho palififia, na mkanda niliobandikia kifuniko cha betri uling'oka na ngozi ya rangi. Mwenzangu wa Kisumu anayerusha ndege ya injini ndogo ya methanoli alipata hasara kubwa zaidi: mafuta ya injini yaliilainisha kliya ya kopo ikawa kama gundi. Kama ndege yako ni ya injini ya namna hiyo, kopo la kawaida usiliguse.

Nikaenda gereji. Fundi wa rangi niliyempata ni mtu anayeijua kazi yake, na nasema hivyo kwa heshima. Aliigeuza ile bodi mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, tuipige koti ngapi?" Nikamwambia afanye kama anavyofanya siku zote. Kosa lilikuwa hapo, na lilikuwa langu. Fundi wa magari hujaza kwa fila, hupiga praima (rangi ya chini) nene, hupiga rangi, kisha kliya koti tatu nzito zenye maji, kwa sababu gari halijali gramu mia. Siku ya kuichukua, bodi iling'aa ungeweza kujitazama ukachana nywele. Nikaiweka kwenye mizani ya jikoni: ilikuwa imeongezeka gramu 138.

Hesabu ya uzani kwenye ndege haiishii kwenye jumla, na hapa nataka kukaa kidogo maana ndipo wengi wanapoumia. Pezi na mkia viko mbali na kitovu cha uzani, pale ndege inapokaa sawa ukiiinua. Nikiondoa kilicholingana na ongezeko la mbele, mkia wangu ulizidi kwa gramu 22, sentimita 75 nyuma ya kitovu. Pua ya kuwekea uzito iko sentimita 35 tu mbele. Zidisha 22 kwa 75, gawanya kwa 35: gramu 47 za risasi (ile metali nzito) puani, ili tu ndege irudi kwenye mizani yake ya zamani. Gramu 138 na 47 ni 185. Glaida iliyokuwa na gramu 1,650 ikawa inaelekea 1,835. Iliruka, ndiyo, lakini ilishuka upesi na kutua kwa kasi, na upepo mdogo wa asubuhi haukuibeba tena.

Niliipiga msasa wa maji nikaitoa rangi yote. Wikendi mbili. Ila kabla ya kuitoa niliona jambo lililonishawishi kuhusu ile kliya yenyewe: siku moja ilitua vibaya ikaburuzika kwenye changarawe, na kliya ilikwaruzika tu, haikubanduka. Nilimwaga thina kidogo kwenye kitambaa nikasugua, rangi haikutoka. Kwa hiyo nikaenda dukani nikanunua mkebe kama ule wa fundi: lita moja ya kliya na nusu lita ya hadina, kliya ya akriliki ya magari, ile ambayo maduka ya rangi za magari huuza kila siku. Siutaji jina kwa sababu aina hii iko ya kampuni nyingi na namna ya kuitumia ni moja.

Kazi kubwa ilikuwa kuiosha. Bodi ya faibaglasi hutoka kwenye kalibu, na kalibu hupakwa nta ili bodi isigande humo. Nta hiyo hubaki juu ya bodi, na rangi haishiki nta. Ukipiga msasa kabla ya kuosha unaisugua nta iingie ndani ya mikwaruzo. Kwa hiyo: maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kwanza, suuza, kausha, halafu kitambaa safi chenye spiriti, kisha ndipo msasa namba 400 wa maji, halafu spiriti tena. Tangu hapo nilivaa glavu. Alama ya mafuta ya kidole haionekani kwenye bodi, lakini rangi ikishafika juu yake hujikunja na kuacha vijishimo vya duara. Hata ile polishi ya kupuliza ya kung'arishia dashibodi ya gari iondoe kwenye chumba cha kupakia. Ina silikoni, na silikoni inayoelea hewani inatosha kuharibu kazi.

Kwenye mshono ambapo nusu mbili za bodi hukutana kulikuwa na vitundu vidogo kama vya sindano. Hivyo havizibwi kwa praima. Praima hupita juu kama daraja halafu tundu hurudi kesho. Niliviziba kwa fila laini kidogo sana, kwa ukingo wa kadi ya simu, nikasugua mpaka fila ikabaki ndani ya matundu tu. Praima ya kijivu koti moja jepesi, kisha msasa namba 600 mpaka karibu nianze kuona bodi chini yake. Praima nyingi mwisho wake iwe vumbi sakafuni.

Rangi nilichagua nyeupe kwa juu. Mwenye duka alinishauri fedha ya metaliki, na ni nzuri kweli, lakini antena ya risiva (kipokezi cha redio) iko ndani ya bodi hiyo, na rangi ya metaliki ina chembe za alumini. Sikutaka kubahatisha na mawasiliano. Rangi nyeusi au buluu nzito nayo sikuitaka kwa ajili ya joto: epoksi nyingi zilizokaushwa bila tanuri huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60, na bodi nyeusi iliyolazwa nyasini saa saba mchana inaweza kufika huko. Tumboni niliweka ukanda mwekundu mpana, ili ndege ikiwa mbali nijue imenigeuzia tumbo au mgongo.

Sasa vumbi. Jina la Nakuru lenyewe, wengi husema, linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mwenye kupaka kliya hapa hahitaji kuthibitishiwa. Kliya hubaki na unata kwa dakika nyingi, na chochote kinachotua juu yake kinakaa. Nilitundika shuka za polithini kwenye fremu ya mbao ndani ya stoo, nikamwaga maji sakafuni, nikavaa nguo isiyotoa nyuzi. Saa niliyochagua ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mapema zaidi Nakuru ni baridi na kliya haitambai vizuri, na mchana upepo huamka na kuleta vumbi la barabara nzima. Msimu wa mvua ongeza tahadhari nyingine: unyevu ukiwa mwingi na thina ikipaa haraka, uso wa rangi hupoa, hunasa unyevu wa hewa na kupauka kama kioo chenye ukungu. Mwenzangu wa Kisumu kwa sababu hiyo hununua thina ya kupaa polepole. Yeye pia hapaki usiku taa zikiwaka, kwa sababu wadudu wa ziwani hufuata mwanga kwa maelfu na aliwahi kuwapata wamelala ndani ya kliya.

Mchanganyiko ni mbili kwa moja: nilipima mililita 80 za kliya, 40 za hadina, na thina 10. Bodi nzima ilitosheka na hiyo. Hapa bunduki ya kupulizia rangi ina maana kuliko kompresa, ile pampu ya hewa. Fundi alikuwa ametumia bunduki ya gari yenye tundu la milimita 1.4, mimi niliazima ndogo ya milimita 0.8, ile ya kurekebishia sehemu ndogo. Koti la kwanza liwe jepesi, kama ukungu uliounganika nusu. Ngoja dakika kumi. Koti la pili liwe na maji ya kutosha kujinyoosha, na hapo mkono usimame hapo hapo. Ukilitamani la tatu, kumbuka mkia.

Jambo moja naliandika kwa mkazo. Hadina hizi zina aisosaineti, kemikali hatari kwa mapafu. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haisaidii kitu. Mivuke yake inaweza kuleta pumu ya kudumu, na mwili wa mtu ukishaanza kuikataa hata kiasi kidogo humfungia pumzi. Huwezi kutegemea harufu ikuonye. Mimi nilivaa barakoa ya mpira yenye vichujio vipya vya mivuke, miwani iliyofunga pembeni, mikono mirefu na glavu, nikapuliza kwa dakika chache nikatoka na kufunga mlango mpaka kesho yake. Wanaopuliza kila siku wanahitaji hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje. Watoto na kuku wakae mbali. Kama huna barakoa ya namna hiyo, mpelekee fundi mwenye vifaa na umwambie mapema idadi ya gramu unazokubali.

Nilipima kila hatua. Bodi tupu iliyooshwa na kusuguliwa: gramu 386. Baada ya praima na msasa: 401. Baada ya rangi: 418. Baada ya kliya: 437. Gramu 51 kwa jumla, na 19 tu ndizo za kliya. Pua ilitaka risasi gramu 14. Baada ya siku mbili za kukauka nilisugua punje chache za vumbi kwa msasa namba 2000 wenye maji na sabuni, kisha kompaundi ya magari (dawa ya kung'arisha rangi) kwa mkono. Haing'ai kama kazi ya fundi. Ukiisogelea utaona uso kama ganda la chungwa pembeni mwa pezi, mahali niliposhika bunduki mbali mno. Kutoka mita mbili huoni.

Imepita miezi minane. Nairushia zaidi ukingoni mwa Menengai, upepo unapogonga ukuta wa kreta na kupanda. Pale ni zaidi ya mita 2,200, na mahali pa kutua ni nyasi zenye mawe ya volkano yaliyochongoka. Tumbo lina mikwaruzo, pua imebanduka sehemu moja ya ukubwa wa punje ya mahindi ambako jiwe lilipiga moja kwa moja, na hapo ni praima pia iliyoondoka. Kwingine kliya imeshika. Weupe haujageuka njano, mkanda wa betri hauvuti rangi, na mikono yangu haiwashi tena nikiibeba.

Malalamiko yangu juu ya bidhaa ni moja. Unauziwa lita moja kwa kazi ya mililita 80, na hadina ikishafunguliwa hunyonya unyevu wa hewa. Niliyohamishia kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi mdomoni bado ni nyepesi na safi. Iliyobaki mkebeni ilianza kuwa na mawingu kabla haijatimiza miezi mitano. Afadhali watu watatu wachange mkebe mmoja na kupaka wikendi moja. Mwenzangu wa Kisumu anakuja na bodi yake mwezi ujao, nami nimeshaosha pezi la akiba.