Bei nafuu baada ya kununua: udai tofauti au urudishe bidhaa?

Ukikuta bidhaa uliyonunua sasa inauzwa kwa bei ya chini, kwanza linganisha namba ya modeli kwenye boksi lako na ya ile ya bei nafuu, herufi kwa herufi. Herufi ya mwisho ikitofautiana, huenda ni toleo lenye vifaa pungufu, na dai lako halina mashiko.

Kudai tofauti ya bei ni rahisi zaidi: unabaki na bidhaa, unapeleka dukani risiti na picha ya bei mpya yenye tarehe, ili urudishiwe kiasi ulicholipa zaidi. Tatizo ni kwamba maduka mengi hayatambui bei za kumaliza stoo.

Kurudisha hukupa fedha yote, mradi siku za kurudisha hazijapita na vifaa vyote vimo. Nunua ile ya bei nafuu kwanza, ndipo urudishe ya awali. Ukitangulia kurudisha, unaweza kukuta imeisha. Kama umeshaitumia, bora udai tofauti tu.