Nilimpeleka binti yangu kupimwa pumzi Mwanza: uzoefu wangu

Binti yangu ana miaka 14. Uzito wake tunaujua, na daktari alishatuambia kuwa kwa umri wake huo ni unene uliopitiliza. Nilichotaka kujua ni moyo na pumzi yake vinaweza nini, kwa sababu shuleni alikuwa amegoma michezo kabisa.

Chanzo ni kipimo cha shuleni. Waliwakimbiza kati ya mistari miwili ya mita 20, kwa kufuata mlio unaozidi kuharakisha kila dakika, na anayechelewa anatoka. Mbio zile huanza kwa mwendo wa kilomita 8.5 kwa saa, kwa hiyo mtoto mzito anakimbia tangu hatua ya kwanza. Alitoka wa kwanza, darasa zima likimtazama. Jioni akaniambia, "Mama, mimi sina mapafu." Usiku ule sikulala vizuri.

Nikaelekezwa kwenye kliniki ya fiziotherapia upande wa Nyegezi. Tulilipa Sh30,000.

Niseme kwanza kilichoniudhi. Nesi alimfunga mkanda mdogo wa kupimia presha, ukawa unafunguka wenyewe, akaukandamiza kwa kiganja. Namba ya juu ikasoma 142, mtoto akaanza kulengwalengwa na machozi. Mtaalamu alipoingia akauona mkanda, akaleta mpana, akamkalisha kimya dakika 5. Ikasoma 118. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Ukienda, omba mkanda mpana kabla hawajaanza.

Baada ya hapo sina lawama. Mtaalamu alimwambia, "Mdogo wangu, leo huna wa kushindana naye," akampeleka kwenye korido iliyopimwa mita 30, koni huku na koni kule. Kazi ni kutembea dakika 6, umbali mrefu kadiri awezavyo, bila kukimbia. Akichoka ruksa kusimama na kuegemea ukuta, saa inaendelea. Mtaalamu yule hakumtangulia wala kutembea ubavuni mwake, maana mtoto angefuata mwendo wa mtu mzima badala ya wake. Alisimama tu na saa mkononi, na kila dakika ilipokatika akasema kwa sauti ile ile: "Unakwenda vizuri, zimebaki dakika nne." Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nasikia raba zake zikilia sakafuni kila anapogeuka kwenye koni. Hakusimama hata mara moja. Mita 468.

Akapumzika, kisha baiskeli ya mazoezi, mkanda wa mapigo kifuani, ugumu wa pedali ukiongezwa kidogo kidogo. Mbele yake walibandika karatasi ya namba 6 hadi 20, 6 ikiwa hakuna kazi kabisa na 20 mwisho wa nguvu zake, aonyeshe kwa kidole kazi anaionaje. Alianza 9, akaja 13, akamalizia 18, mapigo yakiwa 186 kwa dakika. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye usukani, na alikuwa anatabasamu.

Hapa ndipo nilipoelewa. Mtu akikimbia, anabeba mwili wake wote kila hatua. Kwenye baiskeli, kiti kinambebea sehemu kubwa. Oksijeni anayotumia mtoto mnene kwa dakika mara nyingi haipungui ile ya wenzake, na pengine inazidi. Ila ukiigawa kwa kila kilo ya mwili anaonekana dhaifu. Mtaalamu alimweleza yeye mwenyewe, si mimi: "Injini yako nzima. Mzigo ndio mkubwa."

Hawana ile barakoa ya kupima hewa inayoingia na kutoka, kwa hiyo namba ya oksijeni waliyotupa ni makadirio kutoka kwenye mapigo na ugumu wa pedali. Walitueleza hilo wazi bila kuulizwa. Kwangu ilitosha.

Wamempangia kutembea kila siku, aanze dakika 20 na kupanda taratibu hadi 60. Jioni jua likipoa tunashuka wote hadi ziwani na kurudi. Kupimwa tena ni baada ya miezi 3. Ameshaandika 468 kwa kalamu nyekundu, akaibandika ukutani juu ya kitanda chake.