Mashine ya Perkins: nzito, ina kelele, na bado ndiyo naichagua

Nimefundisha wanafunzi wasioona kuandika breli, yaani maandishi ya nundu yanayosomwa kwa vidole, kwa kibao na kalamu ya sindano, kwa mashine ya Perkins na kwa vifaa vya kielektroniki. Fedha ikitosha kununua kimoja tu, nanunua Perkins.

Mtoto anayetumia kibao hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa kinyume, kisha lazima atoe karatasi na kuigeuza ndipo asome alichoandika. Kwenye hesabu ni balaa, maana hadi aigeuze ameshasahau alikuwa anajumlisha nini. Herufi ya breli huundwa kwa nukta zisizozidi sita; Perkins ina vibonye sita, kimoja kwa kila nukta, na nundu hutokeza upande wa juu papo hapo. Anaandika, anapapasa, anaendelea.

Hilo lilichukua muda mrefu kufikiwa. Shule aliyoianzisha Valentin Haüy mjini Paris miaka ya 1780 ilitumia herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi. Wanafunzi walizisoma, tena polepole, ila kuziandika wenyewe ilikuwa shida. Mwanafunzi wa hapo hapo, Louis Braille, ndiye aliyechukua maandishi ya nukta 12 yaliyobuniwa na Charles Barbier, akazipunguza zikawa sita, akachapisha mfumo wake mwaka 1829. Shule ikaja kuukubali rasmi 1854, yeye akiwa kaburini miaka miwili. Sisi walimu tunaoona tuna ubishi wetu! Mashine hii nayo ilibuniwa na David Abraham, mwalimu wa ufundi katika Perkins School for the Blind, Marekani. Vita vya pili vya dunia vikaichelewesha, ikaanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1951.

Kasoro zipo. Ina uzito wa karibu kilo 5, kwa hiyo mtoto mdogo habebi. Darasa zima likiandika, sauti yako haisikiki, na kengele ya mwisho wa mstari inaudhi kweli wakati wa mtihani. Vibonye ni vigumu kwa vidole vichanga, hasa kidole cha pete. Ukikosea, kufuta ni taabu. Unalainisha nundu kwa ukucha na kuomba msomaji asiigundue. Inataka karatasi nene, nayo si ya bei nafuu.

Kifaa cha kielektroniki ni chepesi na hakipigi kelele, lakini vingi huonyesha mstari mmoja tu wa nundu kwa wakati. Jedwali au hesabu ya kupanga kwenda chini utaisomaje hapo? Kwa mwanafunzi wa chuo mwenye vitabu vingi, sawa, anunue. Anayeanza kusoma, hapana.

Ukipata Perkins iliyotumika, weka karatasi, bonyeza vibonye vyote sita kwa pamoja mstari mzima, kisha pitisha kidole. Nundu zote ziwe na kimo kimoja. Kama kuna nukta inayofifia, ulizia kwanza fundi wake yuko wapi kabla hujatoa hela.