Msumeno wa kukunja wa inchi 7, nimeutumia msitu wa Arabuko-Sokoke kaskazi yote

Naona watu wanauliza kama hii misumeno midogo ya kukunja ni ya kazi ama ni mapambo ya hadiwea tu. Mie kazi yetu ni kusafisha njia za wageni ndani ya msitu (kwa kibali, ile ni hifadhi ya serikali, usije ukaingia na panga lako ukasema umesoma hapa) na kaskazi yote nilikuwa nao mfukoni.

Panga kwa vichaka na mitambaazi halina mpinzani, tusidanganyane. Lakini tawi nene lililolazwa njiani na ndovu, likiwa la mti mgumu kama muhuhu ama mbambakofi, utakata wee mpaka jasho liingie machoni, na mwisho linameguka na kuchuna gamba mpaka kwenye shina, mti unabaki na kidonda. Tena vile visiki vya mshazari vinavyobaki chini ni mikuki mitupu, mgeni amekuja na sandali zake jamani.

Msumeno unaanza chini ya tawi kidogo tu, kisha unakata toka juu, mbele kidogo ya ule mkato wa kwanza (upande wa ncha ya tawi), tawi linaanguka bila kuchuna kitu, halafu kipande kilichobaki unakimalizia karibu na shina lakini ule uvimbe pale tawi linapoanzia usiuguse, hapo ndipo mti unapoanzia kufunga kidonda chake. Meno yanakata ukivuta, sio ukisukuma, ukiukandamiza unapinda.

Wepesi wake nimeuona zaidi upande wa magharibi kwenye udongo mwekundu, kule vichaka vimebanana, upepo haupiti, ni joto la kupikia. Kwenye sehemu ya miti ya mirihi angalau miti imeachana na kuna hewa, ila ule mchanga mweupe kufika saa nne unarudisha jua usoni. Sisi tunaingia kukipambazuka na saa nne tushatoka, na asubuhi ndio ndege wanasikika kwa hivyo hupotezi kitu.

Halafu ukikata polepole unauona mti. Kuna mtandarusi nilikuwa natoa tawi lake kavu, nikakuta utomvu umeganda kwenye gamba, wa njano, unapitisha mwanga, sandarusi yenyewe hiyo, ile karne ya 19 ilikuwa ikisafirishwa kutoka pwani yetu kwenda kutengeneza vanishi mpaka Marekani. Kwa panga ningeupasua na nisijue.

Sasa kasoro. Utomvu huohuo ukishika meno msumeno unakwama kabisa, lazima uupanguse na kitambaa chenye mafuta ya taa kabla haujakauka. Loki inalegea, parafujo yake naikaza kila mara, na loki ikiachia wakati unavuta vidole ndio vinalipa, kwa hivyo vaa glavu hata kama ni joto. Mpini ni plastiki, ukiuacha juani haushikiki.

Nyota nne, kwa bei ya chini ya elfu mbili sina neno. Kubwa linaloniudhi ni haya meno magumu hayanoleki kwa tupa ya kawaida, yakiisha unabadilisha bledi, na duka nililonunulia hawana bledi ya spea, wanakwambia nunua msumeno mwingine. Mwenye kujua zinapopatikana Malindi, Kilifi au hata Mombasa aseme.