Vijiti vya kupimia nitrati: vinaonyesha akiba, havionyeshi mzunguko

Kifurushi hiki, ambacho nimekitumia kwa msimu mzima, kina vijiti vyenye dawa kwenye ncha, chupa ya kutikisia, karatasi za kuchujia na kadi ya rangi. Nilikinunua kwa sababu ya swali moja linalonishughulisha sana: hewa ya ukaa inapozidi kuongezeka angani, mimea inabakiziwa nitrojeni kiasi gani udongoni? Maelezo yake yanaahidi kufuatilia nitrojeni, na ahadi hiyo ndiyo ninayoipima hapa.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Udongo uliochekechwa unatikiswa katika maji yasiyo na chumvi na kuchujwa, kisha kijiti kinachovywa, na baada ya dakika moja ncha nyeupe inageuka kuwa ya waridi au zambarau kadiri nitrati, yaani nitrojeni katika umbo ambalo mizizi huweza kulinyonya, ilivyo nyingi. Kasoro ya kwanza iko kwenye kadi, ambayo haielezi iwapo namba zake ni za nitrati nzima au za nitrojeni iliyomo tu. Nitrojeni ni takriban asilimia 22.6 ya uzito wa nitrati, hivyo anayezichanganya hukosea zaidi ya mara nne.

Kasoro kubwa zaidi haiko kwenye kadi, bali katika kile ambacho kijiti hakiwezi kukiona. Kabla ya enzi ya viwanda hewa ya ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 kwa milioni, na sasa imepita 420. Mimea inayokua haraka kwa kuipata kwa wingi huchota nitrojeni zaidi na kuifungia katika shina, mizizi na majani. Majani hayo yakianguka yakiwa na kaboni nyingi na nitrojeni haba, vijidudu vinavyoyaozesha huichukua nitrojeni ya udongo kwa ajili yao wenyewe. Huko Oak Ridge, Tennessee, nchini Marekani, miti iliyoongezewa hewa ya ukaa ilizalisha takriban asilimia 24 zaidi ya mingine mwanzoni, lakini kufikia mwaka 2008 ziada hiyo ilikuwa imeshuka hadi 9, nitrojeni ikiwa imepungua. Katika msitu wa misonobari wa Duke, North Carolina, ziada iliendelea, kwa kuwa mizizi ilivilisha vijidudu sukari, navyo vikavunjavunja mboji ya zamani na kuachilia nitrojeni iliyokuwa imefungwa humo.

Udongo wa aina hizo mbili unaweza kukipa kijiti rangi ileile hafifu: mmoja kwa sababu hauachilii nitrojeni, mwingine kwa sababu kila kinachoachiliwa hunyonywa papo hapo. Kijiti kinahesabu kilichomo ghalani, wala hakijui kilichoingia na kutoka.

Kwa bahati nzuri kuna njia ambayo kijitabu cha maelekezo hakiitaji hata kidogo. Niligawa udongo mmoja mafungu mawili, nikapima la kwanza siku hiyohiyo, na la pili, baada ya kuliondolea mizizi, nikalizika shimoni mwake ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki kwa wiki nne. Kijiti cha kwanza kilikuwa na waridi ya kutafutwa kwa macho. Cha pili kilikolea zambarau. Tofauti hiyo ndiyo nitrati iliyozalishwa bila mizizi kuigusa, baada ya vijidudu kuchukua sehemu yao.

Kinachopotea hewani bado hakionekani. Hewa ya ukaa inapozidi, mimea hufumba kiasi vinyweleo vya majani, yaani vitundu vyake vya kupitishia hewa, na kutumia maji kidogo. Udongo unapobaki na unyevu, vijidudu vingine huweza kugeuza nitrati kuwa oksidi ya nitrasi, gesi ambayo kwa uzito uleule hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko hewa ya ukaa katika miaka 100.

Ninakipa nyota tatu kati ya tano. Nitakinunua tena kwa ajili ya vipimo vya mfuko, na ningeongeza nyota ya nne iwapo watengenezaji wangetia vijiti vya amonia, kwa kuwa nitrojeni inayotoka kwenye mboji hupitia huko kabla ya kuwa nitrati.