Kampuni ya kampeni za hisani: tathmini yetu baada ya misimu miwili

Kikundi chetu hutengeneza sabuni za mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, na kwa misimu miwili tumetumia huduma za kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo kazi yake ni kuendesha mauzo yanayochangia mambo ya kijamii. Sisi tuliahidi kutoa shilingi 200 kwa kila kipande kitakachouzwa, ili kununua taulo za kike kwa wanafunzi wa shule mbili za jirani.

Katika msimu wa kwanza kampuni ilikuwa na watu watano, na mwanzilishi wake alipanda boti mwenyewe akaja kukaa nasi barazani. Kabla hata ya kugusia rangi ya karatasi ya kufungia, aliuliza fedha zitahesabiwaje na nani atazipokea kwa niaba ya shule. Alitueleza habari ya American Express, kampuni ya Marekani ya kadi za malipo, ambayo mwaka 1983 iliahidi senti moja kila mteja alipotumia kadi yake na dola moja kwa kila kadi mpya, kwa ajili ya ukarabati wa Sanamu ya Uhuru ya New York, zikapatikana dola milioni 1.7. Alisifu ahadi hiyo kwa kuwa kila mteja aliweza kuihesabu mwenyewe, ingawa hakuficha kwamba gharama za matangazo ziliuzidi mchango wenyewe. Kwa sababu hiyo alikataa katakata maneno "sehemu ya mapato" yasiandikwe kwenye lebo yetu. Iliandikwa "Sh 200", na walimu wakuu wakasaini risiti.

Msimu wa pili tuliikuta kampuni nyingine kabisa. Wafanyakazi wamezidi ishirini, mwanzilishi anashughulika na benki na kampuni kubwa, na sisi tulikabidhiwa kwa meneja wa mradi, ambaye ndani ya miezi saba alibadilishwa mara mbili. Sikatai kwamba ukuaji huo ulitufaa: picha zilipendeza kuliko za mwanzo, na hoteli kadhaa ambazo hazikuwahi kujibu barua zetu zilianza kuagiza.

Hata hivyo, lebo 3,000 zilifika zikiwa zimechapwa "sehemu ya mapato". Meneja wa tatu, kijana mwenye adabu sana, alisema kwa upole kwamba wateja wengine wote huandika hivyo. Tulikesha siku mbili tukibandika stika za "Sh 200" kwa mkono, huku bibi mmoja wetu akiuliza kama nasi tumeanza kuficha hesabu. Gharama za stika tulilipwa, lakini baada ya barua tatu.

Kwa maoni yangu, kosa hilo si la kijana yule. Kiongozi aliajiri watu kwa kasi, lakini yale maswali aliyotuuliza barazani hayakuandikwa popote katika taratibu za kampuni. Yalibaki kichwani mwake, naye hayupo tena mezani. Mteja mkubwa mwenye wanasheria wake atahudumiwa vizuri. Kikundi kidogo kinapaswa kuja na maswali yake.

Tumesaini msimu wa tatu kwa sharti moja: lebo yoyote isichapwe kabla katibu wetu hajaweka sahihi yake juu ya nakala ya mwisho.